Tukiingojea Nyamagana

Mwaka 1974, ukiondoa wachache waliowahi kufanya kazi Dar es Salaam wakarudi, hakuna mtu wa kijijini kwetu upande wa Chimwaga aliyekuwa amemtia machoni mchezaji wa Simba au wa Yanga. Hata hivyo, wiki ile iliyoishia Jumamosi ya Agosti 10, hapakuwa na kaya isiyokuwa na upande. Fainali ya ubingwa wa Tanzania ilikuwa inachezwa Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, na waliobaki walikuwa watani wawili wa Kariakoo. Watoto wangu hunisikia nikiitaja mechi hiyo na kudhani nazungumzia mabao. Mabao yalikuwa matatu tu. Mimi nazungumzia siku zile za kungoja.

Anayekuja leo Chimwaga anaona Chuo Kikuu cha Dodoma, mabweni, barabara za lami na ukumbi mkubwa ambamo Mei 2005 CCM ilimteua Jakaya Kikwete kugombea urais. Wakati ule hapa palikuwa pori la miiba na mibuyu, na nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo. TANU ilikuwa imepitisha Oktoba 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, lakini kwetu habari hiyo ilikuwa bado ya redioni. Tulichokiona kwa macho ni mambo mawili: njaa, na ujirani mpya.

Njaa ilitokana na mvua kutupa mgongo. Vilindo vya nafaka vilikuwa vitupu, uwele na mtama vilikauka vikiwa vifupi, na watu waliishi kwa unga wa mahindi ya njano uliotoka mjini. Unga huo watu waliuita yanga kwa sababu ya rangi yake, na baba yangu, Simba wa damu, aliula kila jioni huku shangazi akimkumbusha kwa sauti ya juu anakula nini.

Ujirani mpya uliletwa na Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971. Kabla ya hapo kila ukoo wa Kigogo ulikaa mbali na mwenziwe, na mifugo yake na malisho yake. Operesheni ilituweka pamoja kwenye mistari, mlango kwa mlango na watu ambao hatukuwachagua. Ugomvi ulifuata upesi: mipaka ya mashamba, zamu ya visima vya mchangani, ng'ombe kuingia katika mtama wa mtu. Ukoo wetu ulikuwa na kesi na mzee mmoja wa mstari wa pili. Ng'ombe wetu walikuwa wamemaliza kipande chake cha mtama, naye alidai fidia. Miezi mingi ilipita watu wazima wa pande mbili wakikutana njiani bila hata "mbukwenyi".

Katikati ya hayo ndipo Simba na Yanga zilipoingia, na zikatugawa upya. Baba yangu alikuwa Simba. Mdogo wake, baba mdogo wangu, alikuwa Yanga, maana alifanya kibarua cha reli na wenzake wa gengeni walimpokea huko. Mjomba alikuwa Simba. Shangazi alikuwa Yanga na hakuwahi kueleza sababu. Na yule mzee wa kesi ya mtama alikuwa Yanga hasa, aliyeweza kukutajia ubingwa wa mwaka 1968 hadi 1972, yote mitano, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wakirudi zizini. Kwa hiyo mtu uliyemchukia kwa ajili ya shamba ulijikuta umekaa naye gogo moja kwa ajili ya mpira, na ndugu yako wa tumbo moja yuko gogo la ng'ambo anakuzomea.

Jumatatu ya wiki ile magogo hayo yalikuwa mawili chini ya mbuyu karibu na nyumba ya balozi wetu wa nyumba kumi. Hakuna aliyeyapanga. Watu walianza tu kukaa hivyo, nasi watoto tukawafuata wakubwa wetu. Yanga walikuwa na hoja ya mabao matano ya Juni 1968. Simba walijibu kwamba tano hizo walifungwa Sunderland, jina ambalo klabu ililivua mwaka 1971, kisha wakauliza: bingwa wa mwaka 1973 ni nani? Hapo gogo la Yanga lilinyamaza kidogo, kisha likarudi mwanzo: Yanga ilizaliwa 1935, Simba 1936, na mtoto hamtangulii mzazi. Walibishana juu ya miguu ya Gibson Sembuli, na juu ya Abdallah Kibadeni kama watu wanaokaa naye nyumba moja. Walijuaje? Kwa gazeti la Uhuru lililokuja na treni likiwa limechelewa, likasomwa kwa sauti na mwalimu wetu, kisha likapita mikono hadi maandishi yakafutika kwenye mikunjo.

Katikati ya wiki baba mdogo alinichukua hadi stesheni ya Dodoma. Tulitoka alfajiri kwa miguu. Treni ya bara ilikuwa imesimama, ile itokayo Dar es Salaam hadi Tabora, ambako njia hugawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Kutoka Dar hadi Mwanza kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na watu walikuwa wamekubali kukaa vibao vya daraja la tatu umbali wote huo kwa ajili ya mechi moja. Mabehewa mawili yalikuwa yamejaa mashabiki. Madirisha ya behewa moja yalining'inizwa khanga na vitambaa vya kijani na njano, na ya jingine nyekundu na nyeupe, na walikuwa wanarushiana maneno kupitia madirisha huku wote wakinunua mayai ya kuchemsha kwa mama mmoja.

Mama yule ndiye ninayemkumbuka zaidi. Alikuwa na sinia kichwani na chumvi imefungwa kwenye vipande vya gazeti. Mtu wa kijani alinunua mayai, akakosa chenji, na mtu wa nyekundu akamlipia kutoka dirisha la behewa lake, akamwambia, "Kula ushibe, baba. Jumamosi utahitaji nguvu za kulia." Behewa zima lilicheka, na yule aliyelipiwa alicheka kuliko wote. Baba mdogo aliniinamia akasema, "Umeona? Huo ndio mpira." Treni ilipoondoka tuliikimbilia hadi mwisho wa jukwaa.

Tuliporudi kijijini kulikuwa na tatizo. Redio iliyoshika vizuri Radio Tanzania upande wetu ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya baba mdogo, mtu wa Yanga. Lakini betri zake zilikuwa zimechoka, na betri mpya ziliadimika. Aliyekuwa nazo ni mjomba, mtu wa Simba, ambaye aliuza kuku wake mjini akanunua nne na kuzifunga kwenye kitambaa kama dawa. Redio bila betri ni sanduku, na betri bila redio ni vyuma. Alhamisi jioni magogo mawili yalikaa kwa mara ya kwanza kama baraza moja. Masharti yalitajwa mbele ya balozi: betri zitaingia redioni Jumamosi tu, wakati wa mechi. Mapumziko redio itazimwa ili zisichoke. Hakuna atakayegusa kitasa isipokuwa mwenye redio, na hakuna atakayetoa betri isipokuwa mwenye betri, tena baada ya filimbi ya mwisho. Na upande utakaofungwa utachunga ng'ombe wa upande utakaoshinda wiki nzima.

Sharti la kuchunga lilileta tatizo jingine. Kama Simba wangefungwa, nani angechunga ng'ombe wa yule mzee wa kesi? Watu walitazamana. Baba yangu, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu masika, alisema, "Mzee, tukifungwa, mwanangu atawachunga ng'ombe wako." Mzee alikaa kimya, kisha akajibu, "Na mkishinda, wangu atawachunga wenu. Na hawataingia mtamani kwa mtu." Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miezi mingi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, na nilielewa kwamba limetokea jambo ambalo kikao cha balozi kilikuwa kimeshindwa kulileta.

Ijumaa haikuisha. Upepo wa Agosti ulipiga vumbi jekundu siku nzima, na watu waliokuwa wamepanga kukarabati paa waliahirisha. Betri za zamani zilianikwa juani juu ya tembe ziwe akiba, na mimi niliwekwa mlinzi ili mbuzi wasizikanyage. Shangazi na wanawake wenzake wa Yanga walizitoa ngoma zao za muheme wakazikagua ngozi. Mama yangu alimwuliza kama si mapema mno. Akajibu, "Wifi, ngoma haikaushwi siku ya harusi."

Jumamosi, saa kumi ilipokaribia, chini ya mbuyu palikuwa na watu kuliko mkutano wowote wa TANU niliowahi kuuona pale. Mjomba alifungua kitambaa chake, akamkabidhi baba mdogo betri moja moja. Sauti ya mtangazaji ilitoka safi, na nyuma yake kelele za Nyamagana. Dakika ya 16 Adam Sabu aliifungia Simba. Gogo letu lililipuka. Baba alinirusha juu. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kuhesabu dakika. Mapumziko redio ilizimwa kama ilivyoahidiwa, na katika kimya kile kila mtu alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba wachezaji wangesikia.

Kipindi cha pili kilikwenda, kilikwenda, na Simba bado inaongoza. Baadhi ya Yanga walianza kuulizana ng'ombe wa Simba ni wangapi. Kisha, dakika ya 87, Sembuli alisawazisha. Sikumbuki mtangazaji alisema nini, maana sauti yake ilizama katika mayowe. Nakumbuka mzee wa kesi amesimama, mkongojo uko chini, mikono yote miwili iko juu.

Dakika tisini ziliisha kwa bao moja kwa moja, na redio ikazimwa tena ili betri zipumzike kabla ya nyongeza. Hapo ndipo kijana mmoja wa upande wetu alipomnong'oneza mjomba achukue betri zake, tuondoke na sare yetu. Mjomba alimtazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. "Nimetoa neno mbele ya watu," alisema. "Betri zitakaa." Redio ikawashwa. Dakika ya 97 Sunday Manara alifunga la pili, na kwa dakika zote zilizobaki mjomba alikaa akisikiliza kwa betri zake mwenyewe jinsi timu yake inavyopoteza ubingwa. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, baba mdogo alimrudishia betri zile kwa mikono miwili. Muheme zililia hadi usiku.

Wiki iliyofuata nilichunga ng'ombe wa yule mzee. Mke wake alinipa maziwa kila jioni, jambo kubwa katika mwaka wa njaa. Mwisho wa mwezi kesi ya mtama ilimalizwa kwa mbuzi mmoja, bila kelele. Baba na mzee yule walizikana, kwa maana kwamba mmoja alipofariki, mwenzake alikuwa kati ya waliochimba kaburi.

Simba na Yanga ziliendelea na mambo yao. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0 na Kibadeni akapachika matatu, na gogo letu lilipata furaha yake. Mei 2017 nilikwenda Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma kuitazama fainali ya Kombe la FA, Simba na Mbao, na nilifurahi kwamba safari hii watu wa Mwanza ndio waliosafiri kuja kwetu. Simba ilishinda 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Kila mtu alikuwa na simu mkononi na matokeo ya viwanja vingine mfukoni, na wengi niliokaa nao walikuwa wameweka fedha kwenye mechi.

Siwalaumu vijana kwa kuwa na vyombo bora kuliko vyetu. Ninachowaomba ni kitu kimoja. Mpira una uwezo wa kuwagawa watu, na huo si ubaya wake. Ubaya ni pale unapowagawa mahali palepale walipokwisha kugawanyika: kabila kwa kabila, mtaa kwa mtaa, chama kwa chama. Kwetu uliwakata ndugu na kuwaunganisha mahasimu, na ulifanya hivyo katika siku za kungoja, kabla ya bao lolote, kwa sababu hakuna upande ulioweza kuisikia mechi bila upande mwingine. Kwa hiyo siku ya watani inapokaribia, mtafuteni jirani wa upande wa pili, hasa yule msiyesalimiana, mkae naye mapema. Bishaneni naye wiki nzima. Na mkifungwa, timizeni ahadi.