Kosa halikuwa vidole vya baba mkubwa

Wadau, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Siyo kwamba nimewatupa. Kazi za gazeti mnazijua, na muda kidogo uliokuwa unabaki nilikuwa napigana na kompyuta. Leo nawasimulia vita hiyo, maana ilibaki kidogo imnyang'anye mzee mmoja kitu alichokipenda maisha yake yote, na mnyang'anyi nilikuwa mimi.

Wengi wenu mnajua kwamba nikitoka chumba cha habari huwa najifanya prodyuza. Chumbani kwangu Sinza nina kompyuta mpakato, kadi ya sauti ya nje ya kuchomeka kwenye USB, maiki moja, hedifoni, na magodoro mawili ambayo siku za kurekodi nayasimamisha ukutani. Programu ninayotumia ni REAPER. Kwa wasioijua, ni ya Justin Frankel, yule yule aliyeleta Winamp, ile ambayo kaka zetu walikuwa wanapigia MP3 kwenye intaneti kafe. Toleo la kwanza rasmi lilitoka 2006, unaruhusiwa kuijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Asiye na hata hizo anayo Audacity, ambayo ni ya bure tangu mwaka 2000.

Sasa basi. Baba mkubwa wangu, kaka yake baba, alikuja Dar kutoka Morogoro kwa ajili ya kliniki ya macho. Ana miaka 72. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi moja ya dansi kule Morogoro, wakati mji bado unamlilia Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Bendi yao haikuwa kubwa. Walikwenda kurekodi Redio Tanzania mara moja tu, na siku hiyo yeye alikuwa kitandani na malaria, akapiga mtu mwingine. Kwa hiyo hakuna kanda hata moja duniani yenye gitaa lake. Nilipojua hilo nikasema hapana, mzee huyu harudi Morogoro bila kurekodi. Gitaa lake likaletwa na basi.

Mpango ulikuwa rahisi. Tunaanza na gitaa la rithim, kisha anapiga solo juu yake. Rithim tulirekodi Jumamosi mchana. Aligoma kuvaa hedifoni. "Haya masufuria ya masikioni ya nini? Mimi najisikia." Nikaweka maiki mbele ya kispika chake kidogo, akapiga. Wadau, nilisisimka. Saa ya ukutani ingeweza kujifunza kwake.

Solo tulirekodi usiku. Mwenye nyumba hataki kelele baada ya saa tatu, kwa hiyo safari hii nililichomeka gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, na baba mkubwa akalazimika kuvaa hedifoni ili aisikie rithim na ajisikie mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alianza, akasimama. Akaanza tena, akasimama. Mara anawahi, mara anachelewa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Tulirudia mara tisa. Nikimsikilizisha alichopiga, kweli kilikuwa kinayumba. Nikamwambia maneno ambayo najuta mpaka leo: "Usijali baba, tutarekebisha kwenye kompyuta."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba atabebwa mgongoni kuvuka barabara. Akavua hedifoni, akafuta nyuzi kwa kitambaa, akalirudisha gitaa kwenye mfuko wake. "Mwanangu, mkono umeisha," akasema. Kesho yake akapanda basi.

Wiki moja baadaye baba akanipigia simu. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba gitaa lile atampa kijana mmoja wa kwaya kanisani kwao, kwa kuwa yeye hana kazi nalo tena. Baba hakunilaumu, alitaka kujua tu kama mzee alikuwa anaumwa nilipokuwa naye.

Usiku huo sikulala. Nilifungua kazi yetu, nikasikiliza rithim, nikasikiliza solo. Mhariri wangu hupenda kutuambia kwamba ukipata maelezo mawili yanayopingana, usimwite mtu mwongo kabla hujajua kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Hapa nilikuwa na mashahidi wawili, na wote ni mtu mmoja: mchana mkono wake ni imara, usiku umeisha. Mkono hauzeeki kwa saa sita. Kilichobadilika ni nini? Mchana hakuvaa hedifoni, usiku alivaa.

Nikazivaa mimi. Nikawasha maiki na kupiga kofi moja. Nikasikia mawili: la kwanza la mikono yangu, na la pili likifuata nyuma kutoka kwenye kompyuta. Nikajikalia pale kitandani, nimechoka kabisa.

Maelezo yake ni haya. Kompyuta haiishughulikii sauti inapoingia punje kwa punje. Kwa mpangilio wa kawaida sauti hukatwa vipande 44,100 kila sekunde, na kompyuta huvikusanya kwenye mafungu kabla ya kuvifanyia kazi. Ukubwa wa fungu ndio wanaouita bafa. Ni kama daladala ya kituoni: haiondoki mpaka ijae. Bafa yangu ilikuwa 1,024. Gawanya kwa 44,100, unapata milisekunde 23. Kuna kusubiri wakati wa kuingia na kusubiri tena wakati wa kutoka, kwa hiyo ni kama 46, na hapo sijahesabu ucheleweshaji mdogo mdogo wa kadi yenyewe.

Utasema milisekunde 46 ni kitu gani? Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo nilimfanya baba mkubwa asikie gitaa lake kana kwamba spika yake iko mita 16 kutoka aliposimama, wakati rithim iko ndani ya masikio yake. Mtu aliyepiga miaka yote hatua mbili tatu kutoka kwenye spika! Akijisikia amechelewa, mkono unawahi ili kufidia. Akijisikia amewahi, anajizuia. Na kwa kuwa programu hizi hurudisha nyuma kilichorekodiwa ili kukipanga mahali pake, ukisikiliza baadaye huusikii ule ucheleweshaji. Unasikia mtu anayeyumba. Ushahidi wote unamwangukia mpigaji.

Na bafa ilifikaje 1,024? Niliipandisha mwenyewe. Wiki moja kabla nilikuwa nachanganya wimbo wa rafiki yangu wa hip hop, traki zaidi ya 30 na madoido kila mahali, kompyuta ikaanza kutoa sauti za kukatika-katika kama bisi kwenye sufuria. Dawa ya hilo ni kupandisha bafa, maana unaipa kompyuta muda wa kupumua. Nikapandisha, bisi zikaisha, nikasahau. Programu haina kosa hapo. Kosa ni langu.

Kwa hiyo hili likariri: unaporekodi shusha bafa, unapochanganya ipandishe. Kwenye REAPER ingia Preferences, kisha Audio, kisha Device. Mimi sasa narekodi kwa 128. Hiyo ni milisekunde 3 kuingia na 3 kutoka, sawa na spika iliyo mita mbili mbele yako. Bisi zikirudi, panda hadi 256, au zima madoido yote mazito mpaka umalize kurekodi.

Hapo hapo kwenye Device, watumiaji wa Windows waangalie draiva. Chagua ASIO, mfumo wa kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, ambao unaipa programu njia yake ya mkato mpaka kwenye kadi ya sauti bila kupanga foleni ya Windows. Kadi nyingi za nje zina draiva yake ya ASIO ya kupakua bure. Kama yako haina, ipo ASIO4ALL, nayo ya bure. Wa Mac hawana haja ya hili, mfumo wao unajitosheleza.

Tena angalia kadi yenyewe. Nyingi zina kitufe au kirungu cha kukurudishia sauti yako kwenye hedifoni moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Ucheleweshaji hapo ni kama haupo. Yangu inacho. Nilikuwa nacho miaka miwili nikidhani ni cha kuongezea sauti tu. Ukikiwasha, kumbuka kuzima kurudi kwa sauti ile ile kutoka kwenye programu, la sivyo utajisikia mara mbili. Na hedifoni za Bluetooth usiziguse kabisa wakati wa kurekodi. Zile za kawaida zinaweza kuchelewesha zaidi ya milisekunde 100.

Nilimpigia baba mkubwa asubuhi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote mpaka daladala na mita 16. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ni mashine?" Nikamwambia ni mimi, baba, siyo mashine. Naomba usimpe mtu gitaa kabla sijaja. Akasema kijana wa kwaya anakuja kulichukua Jumapili baada ya ibada.

Jumamosi nikapanda treni ya SGR na mkoba wangu. Hapo ndipo nilipojifunza mengine ambayo chumba cha Sinza hakikunifundisha. Sebule yake ina sakafu ya saruji na kuta tupu, ukipiga kofi linalia kama uko kisimani. Tukatundika mablanketi mawili kwenye kamba ya nguo nyuma yake na kutandika mkeka. Friji tukaizima, mama mkubwa akatupa saa mbili tu, kuna samaki ndani. Kisha ukaja mvumo mzito wa umeme kwenye gitaa. Nikachomoa chaja, kompyuta ikabaki kwa betri, mvumo ukapungua nusu. Nikamwomba ageuze kiti asielekeane na kioo cha kompyuta na asogee hatua mbili, mvumo ukaisha karibu wote. Magitaa ya zamani hunasa kila kitu, kioo, chaja, hata simu. Simu zetu zikaenda jikoni.

Sauti niliiweka chini. Waandishi wenzangu mnalijua hili kutokana na mahojiano: kilichorekodiwa chini kidogo unaweza kukipandisha, kilichopasuka hakishoneki. Kwenye programu ile mizani huishia sifuri, na zaidi ya hapo sauti inakatwa kichwa. Mimi sasa nalenga vilele vyake visizidi -12 wakati wa majaribio, maana mtu akikolea hupiga kwa nguvu zaidi ya alivyojaribia. Ukirekodi kwa biti 24 nafasi hiyo huipotezi.

Nikapiga kofi langu. Likalia moja. Nikamvalisha hedifoni.

Mara ya kwanza alipiga taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Mara ya pili akafumba macho. Mama mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hakusema neno. Nyimbo sita tulizimaliza na friji ikawashwa kabla samaki hawajaanza kulalamika.

Niseme na ukweli wote, maana hii si hadithi ya watoto. Kwenye wimbo wa nne kuna mahali kidole chake cha pete hakikufika. Tulirudia mara tatu, hakikufika. Nikaanza kutafuta kosa: nikaangalia bafa, draiva, waya. Akanigusa bega. "Acha mwanangu. Hapo ni mimi. Hiyo ndiyo miaka 72." Akanikataza kulirekebisha, na halijarekebishwa.

Nyimbo zote nimezihifadhi kwa WAV. Gitaa moja kwa mpangilio huo ni kama MB 8 kwa dakika, siyo kitu siku hizi. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu. WAV ndiyo hasi ya picha, ukiipoteza huchapi tena. Zipo kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nakala ya tatu iko mtandaoni.

Jumapili kijana wa kwaya alikuja kweli. Baba mkubwa alimkaribisha chai, akamwomba radhi kwamba gitaa bado lina kazi, na akamwambia kama anataka kujifunza aje Alhamisi jioni. Nasikia ameshakwenda mara tatu.

Haya, wenye studio za chumbani, kabla hamjamwambia mtu kwamba hajui kuimba au mkono wake umeisha, vaeni hedifoni zake na mpige kofi. Mkisikia mawili, mwombeni radhi kwanza.

Kwa leo naishia hapa. Kesho nina kikao cha halmashauri cha kuripoti saa mbili asubuhi, na kinasa sauti changu hakina chaji.