Kitale na Bungoma: Nchi Iliyomlea Mwalimu wa Kiswahili

Sima tuipikayo majumbani mwetu ina nasaba ya mbali. Mahindi ya unga ule mara nyingi hutoka Trans Nzoia, nchi ya baridi iliyo baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangany, ambayo mji wake mkuu ni Kitale. Wengi wetu wa pwani twaijua nchi hiyo kwa magunia yake tu. Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Nilitaka kuiona ardhi iliyomlea Ken Walibora, mwandishi ambaye watoto wetu wamemsoma shuleni miaka mingi, ilhali hakuzaliwa karibu na bahari.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni treni, na kutoka hapo ni basi kupitia Nakuru na Eldoret. Kina mama watakaofuata njia hii wachukue sweta na shali nzito, kwani Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake haina huruma kwa mtu aliyezoea upepo wa kusi. Msikiti upo mjini, na adhana husikika vizuri. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Huku mtu hugeuka kidogo upande wa mashariki, na kugeuka huko kudogo ndiko kulikonifahamisha kwamba kweli nimefika mbali.

Husimuliwa mjini kwamba duara la mawe lililo katika uwanja wa Klabu ya Kitale lilikuwa mahali walipofungiwa watumwa, katika njia ya misafara iliyoshuka pwani. Si habari ya kumpendeza mtu wa kwetu, wala sioni sababu ya kuipita kimya. Kiswahili kilipanda bara kwa njia za misafara, pamoja na shanga, nguo na dini. Kusini ya Bungoma, kwa Nabongo Mumia, wafanyabiashara wa pwani waliweka kituo, na Uislamu ukatia mizizi ambayo ipo hadi leo.

Kisha wakaja walowezi wa Kizungu, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Baada ya uhuru mashamba yao makubwa yaligawanywa, wakaingia Wabukusu, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, wakawa majirani wa Wapokot, Wasabaot na Waturkana. Majirani hao wangesemezana vipi? Kwa Kiswahili. Sokoni Kitale hukisikia kutwa kucha, kikiwa na kasoro ambazo sisi hupenda kuzicheka: kitabu yangu, watoto yangu, maji imeisha. Tuzicheke tukipenda, lakini watu hawa hukitumia kwa haja ya kweli, kununulia mbegu na kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Nyumba ngapi za Mombasa leo mtoto huzungumza na mamake kwa Kiingereza kibovu, na mama akaona fahari?

Walibora alizaliwa Baraki, Bungoma, katika miaka ya 1960, akakulia Cherangany upande wa Kitale. Masomo ya sekondari yalimpitisha Teremi huko Bungoma na Suwerwa huko Cherangany, miongoni mwa shule nyingine. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula. Alipoanza kuandika alilitazama jina hilo kwa jicho la Kiswahili, akaona ndani yake neno aula, ambalo msomaji wetu aliyekaa chuoni kwa mwalimu analijua vyema. Kwa kuwa aula ni bora, akajiita Walibora. Mimi hupenda kisa hiki kuliko sifa zote alizopewa baadaye. Kijana wa Bungoma alilikuta neno letu la asili ya Kiarabu limelala ndani ya jina la babu zake, akaliamsha.

Riwaya yake ya Siku Njema ilitoka mwaka 1996. Shujaa wake anaitwa Kongowea, jina ambalo kila mama wa Mombasa hulitamka aendapo sokoni, na safari yake inaanzia Tanga, hukuhuku ufukweni kwetu. Kidagaa Kimemwozea ilitahiniwa kidato cha nne kuanzia 2013 hadi 2017. Kwa miaka hiyo, kijana wa Lamu au Kwale aliyetaka kufaulu Kiswahili ilimbidi amsome mtu wa bara. Nawajua wazee waliolinung'unikia jambo hilo. Walikuwa na haki ya kuumia, lakini si ya kushangaa, kwani maandishi huwa ya aketiye akaandika.

Naye aliketi. Alikwisha kuandika Ndoto ya Amerika, hadithi ya watoto waliotamani kwenda huko, kabla ya yeye mwenyewe kwenda kusoma. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2009, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Na huko kwenye theluji, alishughulika na nani? Na Abdilatif Abdalla wetu wa Mombasa. Mwaka huohuo wa 2009 alichapisha makala juu ya Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif aliitunga gerezani baina ya 1969 na 1972. Mtu wa Bungoma akawaeleza Wamarekani thamani ya mshairi wa pwani.

Kisha akarudi nyumbani. Hapa ndipo hadithi yake inapotugusa sisi wenye jamaa Maskati, Dubai na Toronto. Arudipo mtu wetu kutoka nje, swali la kwanza huwa amejenga wapi. Walibora alirudi akaishika kazi isiyoonekana barabarani: kusimamia ubora wa Kiswahili katika shirika la habari la Nation, Nairobi. Anayeijua kazi ya namna hiyo anajua ilivyo. Leo ni kiambishi kilichowekwa pasipo pake, kesho ni tafsiri iliyovaa nguo za Kiingereza, na keshokutwa kosa la leo limerudi. Alikuwa na safu yake katika Taifa Leo, akawatembelea wanafunzi shuleni, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Riara. Mwaka 2014 aliyatoa maisha yake kwa maandishi, akakiita kitabu hicho Nasikia Sauti ya Mama. Mtu aliyefika hadi Wisconsin angeweza kukiita kwa jina la vyeo vyake.

Aliaga dunia Nairobi tarehe 10 Aprili 2020, baada ya kugongwa na gari. Ulikuwa wakati wa korona, na aliyesomwa na maelfu alizikwa na wachache, tarehe 22 mwezi huo, kijijini Huruma, Cherangany. Sikwenda kaburini, kwani nyumba ya watu si mahali pa mgeni kuingia bila mwaliko. Nilitosheka kuvitazama vilima vile kwa mbali, mahindi yakiwa yamefika kifuani.

Kutoka Kitale nilipanda matatu ya Bungoma, ipitayo Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Webuye kulikuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi cha Pan Paper kilichofungwa mwaka 2009, na bado watu huuhesabu umri wa mji kwa kabla na baada yake. Bungoma kwenyewe ni mji wa miwa, pikipiki na salamu ndefu. Mulembe, husema Wabukusu, na maana yake ni amani, basi mtu wa salamu aleikum hajioni mgeni sana.

Hapo karibu kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, nacho hufundisha Kiswahili. Ndani ya matatu nilikaa na binti aliyehitimu ualimu, mkobani mwake mna kamusi iliyochakaa. Aliposikia lafudhi yangu akaanza kuniuliza.

"Mama, kwenu mwasema kuteka maji au kuchota?"

"Twasema yote mawili, mwanangu. Kisimani twateka, mtungini twachota."

Akaliandika jibu. Kisha akaniambia kwamba amepata nafasi ya kufundisha Kiswahili Kwale, hajapata kuiona bahari, na anaogopa wanafunzi watamcheka. Akauliza kama kuna joto sana. Nikamwambia joto lipo, achukue nguo nyepesi, nikamwandikia nambari ya dada yangu aliyeko Ukunda, apate mtu wa kumpokea stendi.