Kutoka Loliondo Hadi Natron: Maji Mawili, Kamera Moja

Ukiamka Loliondo asubuhi ya mwezi wa saba, kitu cha kwanza utakachokitafuta ni koti. Mji huu uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na ukungu hulala juu ya mapaa ya bati hadi jua linapopata nguvu. Ng'ombe hupita barabarani wakitoa mvuke puani. Mahali kama hapa hakuna atakayekuambia kwamba umefika penye somo la kupiga picha za michezo ya majini. Mimi mwenyewe nisingesadiki, lau kama nisingerudi mjini na simu iliyokufa.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mpiga picha. Tulitumwa kuandika habari za watu wanaoogelea chini ya maporomoko ya mto Ngare Sero, kisha tuwatazame heroe wa Ziwa Natron. Tulichukua vyombo vitatu: kamera kubwa ya mwenzangu, kamera ndogo ya michezo pamoja na kasha lake la plastiki, na simu yangu ambayo niliinunua kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba haiogopi maji.

Kutoka Loliondo na Wasso barabara huelekea Sale, nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi. Hapo ndipo Samunge, kijiji kilichojaa watu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki mwaka 2011 walipofuata kikombe cha Babu. Lakini Wasonjo walikuwa na sifa nyingine kabla ya kikombe. Wao ni mabingwa wa mifereji. Kwa vizazi vingi wamegawana maji ya chemchemi mashambani kwa zamu, chini ya uangalizi wa baraza la wazee, na mtu hafungulii maji shambani mwake isipokuwa zamu yake imefika. Nilipoitazama mifereji ile nilijiambia kwamba hapa maji yana adabu yake. Sikujua kwamba siku mbili baadaye ningeadhibiwa kwa kuikosa adabu hiyo.

Baada ya hapo gari huteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Koti huvuliwa, kisha sweta, kisha hata shati huwa mzigo. Mbele yako husimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, wenye urefu wa mita 2,962, ambao ulilipuka mwaka 2007 na 2008. Upande wa kaskazini limelala Ziwa Natron, mara jeupe, mara jekundu, mara rangi ya shaba. Kijiji cha Engaresero kiko baina ya mlima na ziwa, na kwa hiyo kina maji mawili yasiyofanana hata kidogo: maji baridi na matamu yanayoteremka kutoka ukingoni, na maji ya magadi ziwani.

MITA THELATHINI ZA GOTINI

Kijana aliyetuongoza alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alipoona kasha la kamera yetu alinyamaza kidogo, kisha akafungua fundo la kitambaa akatutolea kamera ndogo kama ile ile. Ilikuwa imekufa. Aliuza madume mawili ya ng'ombe ili ainunue, kwa kuwa wageni humlipa awapige picha za sinema wakiwa chini ya maporomoko, mikono yao ikiwa huru. Miezi miwili ilimlisha vizuri. Siku moja mgeni akamwomba achovye kamera katika maji ya ziwa ili apate picha ya ukingo wa magadi. Alichovya, akaifuta kwa shuka, akaitia mfukoni. Kesho yake alikwenda nayo mtoni kama kawaida, na maji yakaingia.

"Kaka mwandishi," aliniambia, "walioniuzia walisema inazama mita thelathini. Mimi niliizamisha mpaka gotini tu. Sasa walinidanganya, au mimi ndiye sikuelewa?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Lakini swali lake ndilo swali la kila mmoja wetu anayesimama dukani Kariakoo au penginepo, akitaka chombo cha kupiga picha za watoto wanaojifunza kuogelea, za mbio za ngalawa, au za mwenzake anayezamia Nungwi. Sote husoma namba ya mita, tukadhani kwamba kina ndiyo adui pekee.

Kina ni adui kweli. Kila mita kumi za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni, na mzamiaji wa baharini hana budi kuiheshimu namba ile. Lakini katika korongo la Ngare Sero maji hayapiti kifua cha mtu mzima, na bado kamera hufa. Hufa kwa mambo mengine.

Jambo la kwanza ni nguvu ya maji. Kipimo kinachotangazwa kwa simu nyingi hufanywa kwa kuizamisha katika maji safi yaliyotulia, kwa muda maalumu. Maji yanayopiga kwa kasi yana kipimo chake kingine, na chombo kilichofaulu cha kwanza si lazima kiwe kimefaulu cha pili. Mimi nilisimama chini ya maporomoko na simu mkononi, nikitabasamu. Kwanza kioo kiligoma kutii kidole, kwa maana kioo cha kugusa hakitambui kidole katikati ya maji. Kisha picha ikawa na ukungu. Kisha ikawa giza. Jioni niliizika katika mchele kama wafanyavyo wengi, na mchele haukuifaa kitu.

Jambo la pili ni joto. Kasha likifungwa katika jua kali, hewa ya moto na unyevu wake hufungiwa humo ndani. Likitumbukizwa ghafla katika maji baridi, unyevu ule huganda juu ya kioo kama umande, na hewa hunywea ikavuta maji kupitia upenyo wowote ulio dhaifu. Ndiyo sababu mwenzangu alilifunga kasha lake alfajiri, kivulini, akitia ndani kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya.

Jambo la tatu, na ndilo lililomla kijana wetu, ni ule mpira mwembamba unaozunguka mlango wa kasha. Usalama wote wa chombo umeukalia huo. Unywele mmoja, chembe moja ya mchanga au punje moja ya magadi ikilala juu yake, maji yamekwisha pata njia. Magadi yakikauka hugeuka fuwele ngumu. Aliyoyafuta kwa shuka aliyasukumia mpirani, na humo yakakomaa usiku kucha.

ZIWA LISILOCHEZEWA

Asubuhi iliyofuata tulikwenda ziwani kwa miguu, tukiwa na dumu la maji ya mtoni begani. Natron ni ziwa la kina kifupi, halifiki mita tatu, na maji yake makali huchoma ngozi yenye jeraha na kuwasha macho. Hata hivyo viumbe wanaishi humo. Katika chemchemi za moto za kando kando wamo samaki wadogo wa jamii ya perege waliozoea hali ile, na katikati ya ziwa, juu ya tope ambalo fisi halivuki kwa urahisi, heroe wadogo hujenga viota na kutaga yai moja moja. Wengi wa heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa katika ziwa hili moja.

Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alijaribu kuvifikia viota hivyo kwa miguu. Tope la magadi liliingia katika viatu vyake na kumchoma miguu vibaya, hata akalazwa hospitali na kubandikwa ngozi upya. Waliotengeneza filamu ya The Crimson Wing, iliyotolewa mwaka 2008, walitambua kwamba hapa si pa miguu wala pa mtumbwi, wakatumia chombo kinachoelea juu ya hewa. Watu hao, kabla ya kuuliza ni kamera gani nzuri, waliuliza kwanza ni maji gani haya.

Sisi hatukuwa na chombo hicho, wala hatukukihitaji. Mwenzangu aliweka kamera kubwa juu ya stendi pwani, mbali na ndege, akatumia lenzi ndefu. Heroe wakisumbuliwa huweza kuviacha viota vyao, na picha moja ya kujivunia haina thamani ya msimu wa vifaranga. Kamera ndogo aliichovya chemchemini, mahali maji yalipokuwa vuguvugu tu, kwa muda mfupi. Alipoitoa hakuifuta. Aliizamisha yote, ikiwa imefungwa, katika beseni la maji matamu, akaitikisa, akamwaga, akarudia mara tatu. Ndipo akaikausha, na ndipo akaifungua. Kijana alitazama kila tendo bila kupepesa macho.

LA KUCHAGUA

Basi ukitaka kununua, ndugu msomaji, anza na maji yako, usianze na duka. Kama ni bwawa la kuogelea au mto mtulivu, kamera ndogo yenye kasha la plastiki yatosha. Kama ni bahari au magadi, jihadhari na makasha ya alumini yasiyopakwa vizuri, kwani madini hayo huliwa na chumvi na zaidi na magadi, na uhesabu dumu la maji matamu kuwa sehemu ya chombo. Nunua mipira miwili ya akiba na mafuta yake maalumu siku ile ile ununuapo kasha. Jaribu kasha tupu katika ndoo, pamoja na karatasi kavu ndani. Karatasi ikitoka kavu, ndipo utie kamera. Kifunge chombo mkononi kwa kamba, na kama unaogelea palipo na kina, kifunge na chelezo.

Ukiwa majini sogea karibu. Kitu kilicho umbali wa mita moja kikitazamwa kupitia kioo bapa huonekana kama kiko sentimita 75 hivi, tena kikubwa kuliko kilivyo, na kila hatua ya maji huongeza ukungu. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea: baada ya mita tano hivi shuka jekundu huonekana la kahawia. Kwa hiyo lenzi pana na hatua mbili mbele zina faida kuliko lenzi ya kuvuta. Na juu ya yote, mtazame anayeogelea kuliko unavyotazama kioo. Mvua ikinyesha milimani, korongo la Ngare Sero huweza kujaa ilhali juu yako anga ni jeupe. Kiongozi akisema tokeni, tokeni, hata kama picha haijakamilika.

Jioni ya mwisho mwenzangu aliifungua kamera ya yule kijana. Haikuwa na tiba. Lakini aliitoa ile kadi ndogo ya kumbukumbu, akaisuuza, akaiacha ikauke usiku kucha, na asubuhi akaitia katika kompyuta yake. Picha zilikuwemo: wageni wakipiga kelele kwa baridi ya maji, na mara moja mdogo wake kijana mwenyewe, akijirusha kwa mara ya kwanza katika bwawa chini ya maporomoko, mikono imetanuka, macho yamefumbwa. Kijana aliirudia picha hiyo mara nne.

Tulimwachia mipira yetu ya akiba na kichupa cha mafuta. Alisema atanunua kamera nyingine akipata fedha, lakini safari hii atanunua dumu kwanza. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Yeye, aliyeyafika mpaka gotini, amejifunza kwamba kina pekee hakitoshi kuyajua maji.