Kutoka Kihonda Hadi Leaders: Shabiki Mkongwe na Onyesho la Hip Hop

Onyesho la hip hop ndiko msanii anakopimwa bila msaada wa studio. Studioni mistari hurekodiwa vipande vipande: pumzi ikikata, mchanaji anapumzika, anaanzia pale alipoishia, na prodyuza anaunganisha. Jukwaani ubeti wa mistari kumi na sita hutoka kwa mkupuo au hautoki. Ndiyo maana shabiki wa miaka mingi, ambaye nyimbo zote anazo kwenye simu na nyingi anazijua neno kwa neno, bado hufunga safari kwenda kuzisikia tena.

Safari inayosimuliwa hapa ilianzia Kihonda, Morogoro, ikaishia viwanja vya Leaders, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kwenye onyesho la wakongwe waliotamba miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa wapenzi wa muziki huu njia hiyo ina uzito wake. Albert Mangwea, maarufu kama Ngwair, alifariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013. Mwili wake uliagwa Leaders, kisha ukaletwa Morogoro na kuzikwa Kihonda. Mwandishi wa simulizi hii ni mkazi wa huko, na kwake kwenda Leaders ni kuifuata njia ileile kwa kuigeuza.

Morogoro ni mji wa muziki tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Kwenye hip hop umemtoa Afande Sele, aliyetwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004. Hata hivyo maonyesho makubwa hufanyika Dar, na kwa miaka mingi mtu wa Morogoro alilazimika kuondoka na basi mchana, kupita Chalinze, na kuombea foleni ya Kibaha hadi Kimara isimle saa zake. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, muda wa safari hiyo ulishuka hadi chini ya saa mbili. Sasa shabiki anatoka kazini, anapanda treni, anapita Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu, na bado anafika uwanjani kabla maiki hazijajaribiwa.

Leaders ni uwanja wa wazi, wenye nyasi, na anayewahi huchagua pa kusimama. Mashabiki wapya hukimbilia mbele kabisa, chini ya jukwaa. Wakongwe husimama katikati, karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu fundi hurekebisha sauti kwa kufuata anachokisikia pale alipo. Mbele besi huyameza maneno, na hip hop bila maneno ni mdundo tu. Umri wa watu siku hiyo ulichanganyika. Kijana mmoja, aliyezaliwa baada ya nyimbo nyingi za usiku ule kutoka, alikuwa akiifuatisha kila ngoma ya DJ wa ufunguzi.

“Dogo, hizi umezijulia wapi?” aliulizwa.

“Kwa mzee, kaka. Ana kanda zake mpaka leo, hagusi mtu.”

Kanda hizo ndizo zilizoujenga umma uliokusanyika pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wengi wa Dar walichana kwa Kiingereza, wakifuata Wamarekani. Saleh Jabir aliweka maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Marekani, Kwanza Unit wakaja, kisha Mr. II akathibitisha kwamba maisha ya mtaani yanatosha kuwa mada. Hard Blasters walitoa “Funga Kazi” mwaka 2000, na mwaka uliofuata Professor Jay akatoa “Machozi, Jasho na Damu”, albamu iliyowafanya hata wazazi wakae chini wasikilize. Tangu hapo shabiki wa Kitanzania amekuwa msikilizaji wa hoja. Anataka kusikia kilichosemwa, na kimesemwaje.

Wasanii walipoanza kupanda, tofauti ilionekana mapema. Wa kwanza alichana juu ya wimbo kamili, sauti yake ya studio ikiwa chini, naye akidakia mwisho wa kila mstari. Huku ndiko kunakoitwa pleibeki, na watu waliitikia kwa adabu tu. Tena alikuwa ameikumbatia maiki kwa viganja vyote viwili. Picha hupendeza hivyo, lakini kichwa cha maiki kikifunikwa maneno hugeuka mvumo na spika huanza kupiga mluzi.

Aliyemfuata alimwomba DJ biti tupu. Aliishika maiki kwenye mpini, akaiacha upana wa vidole viwili kutoka mdomoni, na kila neno likafika hadi nyuma ya uwanja. Pembeni yake alisimama mwenzake mwenye maiki ya pili, kazi yake ikiwa kulibeba neno la mwisho pale pumzi inapohitaji kuvutwa. DJ naye aliukata mdundo sekunde moja kabla ya kina, uwanja ukakijaza. Kiswahili kinarahisisha vina, kwa kuwa karibu kila neno huishia na irabu. Kwa hiyo kina cha silabi moja hakimshtui mtu. Shangwe hulipuka pale silabi tatu za mwisho zinapofanana na maana nayo ikageuka. Usiku ule ililipuka mara nyingi, na mwandishi hakumbuki kipindi kingine cha onyesho kilichomgusa kama hicho.

Baadaye zilipigwa nyimbo za waliotangulia. Ya Ngwair ilipoanza jukwaa liliachwa wazi. Hakuna aliyejaribu kuchana mistari yake, na uwanja mzima ukaichana. Kwa kuwa Ngwair alisifika kwa mitindo huru, wasanii wawili walifuatia kwa mitindo huru. Mmoja aliutaja mwavuli uliofunguliwa mbele yake na jenereta lililotangulia kuzimika, na hapo kila mtu akajua mistari hiyo haikuandikwa nyumbani.

Onyesho lilimalizika usiku wa manane, saa ambayo treni hakuna. Watu wa Morogoro walichangishana nauli ya gari hadi kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kusubiri basi la alfajiri. Mazungumzo ya kusubiri yalikuwa juu ya jambo moja: wasanii kukata wimbo baada ya ubeti wa kwanza ili waingize nyimbo nyingi katika dakika walizopewa. Waandaaji huona hivyo ndivyo onyesho linavyochangamka. Mashabiki wakongwe hawaukubali mtindo huo, na hoja yao ni ya kweli: wimbo wa hip hop hujengwa kama kisa, ubeti wa kwanza humtambulisha mhusika, wa pili humtia majaribuni, na mara nyingi la msingi lililomfanya msanii aandike liko kwenye ubeti wa tatu.