Mashamba Mawili, Soya Moja

Niliolewa Umatengo, milimani Mbinga, nikakuta wakwe zangu wanalima ngolo. Nyasi hufyekwa mvua zikielekea ukingoni, hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo mpaka mteremko mzima umejaa vishimo. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo badala ya kukimbia na udongo, na nyasi huozea chini zikawa mbolea. Kilimo hai nilikijulia hapo, mikononi mwa mama mkwe, kabla ya semina yoyote.

Soya nilianzia chini kidogo, shamba la wazazi wangu upande wa Songea. Zao hili lilijaribiwa Amani, Tanga, tangu 1907, lakini kijijini kwetu wengi tulilijua kwa uji wa watoto tu. Baadaye wafugaji wa kuku wakaanza kulitafuta, nami nikalipanda kote kuwili, mlimani na bondeni, bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa za viwandani.

Soya hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, na bakteria hao hawapatikani katika kila udongo. Ndiyo maana mbegu hupewa chanjo. Asubuhi ya kupanda tunakaa chini ya mwembe, tunalowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, tunamwagia unga mweusi wa chanjo wenye bakteria hao na kugeuza taratibu mpaka kila punje iwe nyeusi. Jua likiwapiga, bakteria hufa, kwa hiyo mbegu hufunikwa na kupandwa siku hiyohiyo. Soya ikianza kuchanua, nachimbua mche kwa jembe, maana ukiuvuta vinundu hubaki ardhini. Nasuuza mizizi na kupasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, shamba linajilisha. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika.

Mlimani vinundu vilikuwa haba, kwa kuwa udongo wa kule una tindikali. Chokaa na majivu vilisaidia, pole pole, msimu baada ya msimu. Adui mkubwa zaidi alikuwa kutu ya soya. Kutu hiyo hupenda ukungu na unyevu wa Mbinga: madoa ya kahawia hutokea chini ya jani, ukipitisha kidole unatoka na vumbi, na majani hupukutika kabla maganda hayajajaa. Asiyepiga dawa hana budi kuwahi. Nikachagua mbegu inayokomaa mapema, nikapanua nafasi kati ya mistari ili upepo upite, na kung'oa soya zote zilizojiotea zenyewe.

Bondeni shida ilikuwa kinyume chake. Mvua hukatika ghafla katikati ya msimu, mara nyingi maua yakiwa yametoka. Huko niliwekeza kwenye mboji na matandazo ya mabua, na sikuvuna mchana: maganda yakikauka sana hupasuka, punje zikamwagika. Mkulima anayesema ana njia moja ya kulima soya hai kila mahali, mimi simwamini.

China ilipofungua soko lake kwa soya ya Tanzania mwaka 2020, majirani kadhaa walipanua mashamba na kununua dawa za magugu. Sikuwalaumu, palizi ya mkono inachosha. Lakini kinachoniuma ni mnunuzi aliyechanganya soya yangu na ya wengine, akalipa bei moja. Alama ya Kilimohai ipo, viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vipo tangu 2007, ila mizani ya kijijini haivisomi.

Kwa vijana mnaoanza: soya haikai ghalani kama mahindi, mafuta yake huifanya ipoteze uotaji upesi, basi jaribuni mbegu chache kwenye kitambaa chenye unyevu kabla ya kupanda. Na kwa maofisa ugani ninaomba jambo moja: chanjo ifike vijijini kabla ya mvua za Novemba, maana ikifika Februari haina wa kumsaidia.