Taa ya Nyuma Kwanza

Bumu likitoka, kila mtu ana orodha yake: kodi ya geto, unga na maharage, kutoa kopi, bando, na kama kimebaki kitu, kiatu. Sijawahi kuona orodha yenye taa ya baiskeli. Kiukweli hata sisi tunaoendesha baiskeli tunaichukulia taa kama urembo, kitu cha kununua mambo yakinyooka. Mimi naona inapaswa kukaa juu ya bando, na ukijua unachotafuta haihitaji hela nyingi.

Ninaishi nje ya chuo, mwendo wa dakika 15 kwa baiskeli. Boda ya kila usiku siimudu, na kutembea peke yangu saa tatu usiku, mimi msichana, sitaki. Baiskeli ndiyo inayonipa nafasi ya kubaki maktaba. Lakini hapa Dodoma jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni karibu mwaka mzima, na baada ya dakika kama 20 ni giza. Kwa hiyo kwangu kuuliza habari za taa ni kuuliza nisome mpaka saa ngapi.

Mwaka jana jirani yangu wa geto, tunayesoma naye mwaka mmoja, aligongwa na bodaboda kwa nyuma. Alikuwa upande wake wa barabara, anakwenda taratibu, hana spika masikioni. Dereva alisimama, akamnyanyua, akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Neno lake lilikuwa moja tu: “Sikukuona, dada. Wallahi sikukuona.” Jirani yangu alivunjika mtulinga, na mitihani ya semesta akaiahirisha. Nilitamani kumchukia yule kijana, nikashindwa, maana alisema kweli. Baiskeli nyeusi, koti jeusi, lami nyeusi. Angemwonaje?

Tupige hesabu kidogo, maana nasomea ualimu wa fizikia. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 30 mbele yake, ana sekunde mbili hivi za kushtuka, kukanyaga breki na kukukwepa. Taa nyekundu inayoonekana kutoka mita 150 inampa sekunde 9. Ndiyo maana nasema, kama hela ni ya taa moja, nunua ya nyuma kwanza. Shimo lililo mbele utalimulika hata kwa tochi ya kuazima, lakini anayekuja nyuma yako humwoni, na usalama wako uko mikononi mwake.

Rifleta usiing'oe, ila usiitegemee peke yake. Yenyewe haina mwanga, inarudisha tu ule unaoipiga. Ikija pikipiki yenye taa mbovu, na hizo tunazijua, haina cha kurudisha.

Sasa twende sokoni. Pale Sabasaba nilikuta aina tatu za taa za nyuma. Ya kwanza ni vile vitaa vya mpira vya kuviringisha kwenye bomba la siti, vinavyotumia betri bapa kama sarafu. Niliambiwa shilingi 3,000. Bei nzuri, lakini betri zenyewe hazipatikani kila duka, na zikiisha unanunua mbili kwa mpigo. Kitaa hicho ni rahisi kukinunua, ghali kukilisha. Ya pili inatumia betri ndogo za rimoti, ambazo hata kwa Mangi utazipata. Ya tatu inachajiwa kwa chaja ya simu. Nilichukua hii ya tatu kwa 8,000 baada ya kuvutana na muuzaji, nikijua kwamba sitanunua betri tena. Kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, ya pili itakufaa zaidi.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe, kisha rudi nyuma hatua 50. Itazame ukiwa nyuma yake, halafu itazame kutoka ubavuni, maana kwenye makutano magari huja kwa pembeni. Itikise uone kama inazimika. Angalia kama tundu la chaji lina kifuniko cha mpira, la sivyo mvua ya kwanza itaondoka nayo.

Kwa taa ya mbele, usidanganywe na maandishi ya boksi. Niliona tochi imeandikwa lumeni 10,000, wakati balbu ya kawaida ya gari, ile ya H4, inatoa takriban lumeni 1,000 ikiwa kwenye mwanga mdogo. Betri yake, nene kuliko kidole gumba, iliandikwa mAh 9,900. Betri za umbo lile zilizo bora kabisa huishia karibu na 3,500. Anayekudanganya kwenye betri atashindwaje kukudanganya kwenye mwanga? Kwa mwendo wetu wa taratibu, lumeni 100 hadi 200 za kweli zinatosha. Mimi nina tochi ndogo niliyoifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu nilichopewa bure na fundi baiskeli. Iinamishe kidogo imulike lami, isiwapige watu machoni. Nyeupe ikae mbele na nyekundu nyuma, usizibadilishe, kwa sababu dereva akiona nyekundu anaelewa kwamba mnaelekea upande mmoja. Halafu, dada zangu, hakikisheni sketi, koti au begi lililo kwenye keria haliifuniki taa. Vumbi la Dodoma nalo lifutwe, linakula mwanga kimyakimya.

Kuna wanaoniambia nifunge dainamo kama ya wazee. Baba yangu alikuwa nayo kwenye Phoenix yake kule Shinyanga: ukiilaza ikagusa tairi, taa inawaka, na miguu inaanza kulalamika. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha niliiazima nikaipeleka darasani, kidato cha nne, somo la umeme unaozalishwa na sumaku. Wanafunzi walifurahi, wakapokezana kuzungusha gurudumu. Kisha binti mmoja, ambaye huondoka kwao alfajiri giza likiwa bado nene, akanyoosha mkono: “Madam, kwa nini inazimika tukisimama? Si ndiyo wakati gari linakuja?”

Nilimjibu kama kitabu kinavyotaka: hakuna mwendo, hakuna umeme. Jibu lilikuwa sahihi, akaliandika kwenye daftari. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko mada yangu. Alikuwa ananiuliza kama atafika shule salama, na fizikia ya siku ile haikuwa na cha kumpa. Taa yenye betri yake yenyewe inacho, kwa bei ya madaftari machache.

Ndiyo maana nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila mwaka tunachangishana kwa ajili ya fulana. Safari hii tununue taa za nyuma kwa jumla, tuziuze kwa bei ile ile tuliyonunulia, kwa kila mwenye baiskeli. Na sisi wa elimu, tukienda mazoezi, tubebe mbili tatu za kuwaachia wanafunzi wanaotoka mbali. Jirani yangu ameshaanza tena kuendesha. Akiwa mbele yangu usiku naona kidoti chekundu, namjua ni yeye hata kabla sijaiona baiskeli. Bodaboda naye anakiona.