Lisbon: Kuta Zilizovaa Leso

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba umepanda ndege mbili kwenda kuangalia vigae, atakucheka mpaka machozi yamtoke. Kigae si kile cha bafuni? Si kile ambacho fundi anakupigia hesabu kwa mita za mraba, halafu viwili vikipasuka anakwambia uongeze boksi? Ndicho hicho hicho. Ila Wareno wamekijengea heshima hadi kikapewa jumba lake, Museu Nacional do Azulejo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote Lisbon kwa watu wawili wanaopendana lakini hawapendi vitu vilevile.

Jumba liko Xabregas, mashariki ya mji, mbali na msongamano wa watalii. Njia yenyewe haina mvuto: reli, maghala, malori. Halafu unapita mlango wa mawe yaliyochongwa kwa madoido na kelele zote zinabaki nje. Hapa palikuwa nyumba ya watawa wa kike iliyoanzishwa mwaka 1509 na Malkia Leonor, mjane wa Mfalme João wa Pili. Hebu tuiangalie tarehe hiyo vizuri. Ndugu yake Leonor alikuwa Mfalme Manuel wa Kwanza, yule ambaye mwaka 1505 meli zake ziliteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Upande wa pili wa mji, katika makumbusho ya sanaa za kale, kipo chombo cha kanisani cha mwaka 1506 kilichofuliwa kwa dhahabu ya kodi ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa. Kwa hiyo mtu wa kwetu haji Lisbon kama mgeni kabisa. Vitu vyetu vilishatangulia.

Wengi hudhani neno azulejo linatokana na azul, yaani bluu. Wala. Ni Kiarabu: az-zulayj, kijiwe kilichosuguliwa kikang'aa. Mafundi wa mwanzo walikuwa Waislamu wa Hispania, na Mfalme Manuel aliagiza vigae vyake kutoka Seville. Katika vyumba vya chini utaviona vile vya zamani, kila rangi imetengwa na mwenzake kwa mfereji au ukingo mdogo, kwa sababu rangi zikiyeyuka tanuruni huingiliana. Baadaye ikaja mbinu kutoka Italia: kigae kinavishwa koti jeupe lenye bati, mchoraji anachora juu yake kama anachora kwenye karatasi, kisha kinarudi motoni na rangi inabaki palepale. Hapo ndipo Wareno walipochizika. Wakachora malaika, simba, nyani waliovaa nguo, vita, mapishi, kila kitu.

Mimi nilinasa kwenye vigae vya karne ya 17, vya bluu na njano. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja nikasema kwa sauti: jamani, hii si khanga? Pindo linazunguka pande zote nne, katikati kuna mji wa maua yanayojirudia. Wareno wenyewe huita mtindo huu zulia, lakini macho yangu ni ya pwani, nami najua nilichokiona. Tena uhusiano wenyewe si wa kubahatisha. Leso tumeipata kwenye lenço yao, na inasemekana kina bibi wa pwani walinunua vitambaa hivyo vya mkononi, wakavishona pamoja, ndipo vazi letu likazaliwa. Vigae navyo ni vivyo hivyo: kimoja peke yake hakikupi maana yoyote, ni kona ya jani tu. Pachika vinne, kila kimoja ukikigeuza upande wake, mara ua linachanua.

Mwenzangu hakuguswa. Ni mtu wa hesabu, na sisi tuko kwenye ujenzi, ule wa mshahara hadi mshahara, ambapo sasa tumefika kwenye umaliziaji. Yeye ameshaamua: vigae vyeupe, kuanzia sebuleni hadi jikoni, basi. Mapambo ni kupoteza hela. Tulikuwa tumelibishania jambo hilo miezi kadhaa, na kusema kweli lilishaacha kuwa suala la vigae. Lilikuwa suala la nani ana sauti katika nyumba ambayo hata bati halijapigwa rangi.

Basi makumbusho yakamjibu, tena bila mimi kufungua mdomo. Ureno vigae vilikuwa njia ya kubana matumizi! Kwingineko Ulaya matajiri walitundika mazulia ya kufumwa ukutani, au waliweka marumaru. Mreno alichora yote hayo kwenye udongo, kwa gharama ndogo zaidi, na udongo hauliwi na nondo wala kufubazwa na jua. Na baada ya tetemeko la mwaka 1755, mji ulipojengwa upya kwa haraka, vigae vya ruwaza rahisi vya kujirudia ndivyo vilivyofunika kuta za nyumba mpya. Mzee mzima alisikiliza maelezo yote hayo, akayarudia, hakusema neno. Ila nilimwona akipiga picha ya pindo.

Aliponiacha hoi ni kwenye hadithi ya António Joaquim Carneiro, mtengeneza kofia. Ni paneli zilizopangwa kama katuni za gazetini, za kuelekea mwaka 1800: kijana maskini wa kijijini anaingia Lisbon, anajifunza kazi, anafungua duka, anaoa, anatajirika. Wakati kuta za wengine zimejaa watakatifu na wafalme, huyu alijichoresha mwenyewe, pamoja na umaskini wake. Mwenzangu, ambaye mjini kaingia na begi moja, hakubanduka pale. Nilikwenda kuona chumba kingine nikarudi, bado yupo.

Kanisa la ndani usilipite. Chini kuna vigae vya bluu kutoka Uholanzi, juu mbao zimechongwa na kupakwa dhahabu mpaka macho yanachoka. Watu wengine watalipenda kuliko vyote. Mimi lilinizidi.

Ghorofa ya juu kabisa ndipo penyewe. Huko ipo picha ya Lisbon nzima ikitazamwa kutoka mtoni, urefu wake kama mita 23, iliyochorwa kwenye vigae mwaka 1700 hivi. Inaaminika ni kazi ya Gabriel del Barco, Mhispania. Inaonyesha kilomita kama 14 za ukingo wa mto Tejo: makanisa, majumba, meli, watu wadogo kama sisimizi wakiendelea na shughuli zao. Ukitembea nayo polepole, unafika kwenye jumba la mfalme, limesimama ukingoni mwa mto kabisa. Jumba hilo halipo tena. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, ardhi ilitikisika watu wakiwa kanisani, bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Majumba ya mawe yakaenda, picha yake ya udongo ipo. Tulitembea mita zile 23 tukiwa tumeshikana mikono, hatukuongea hata kidogo. Kwa wawili sisi hilo si jambo la kawaida.

Mgahawa wao nao ni wa kukaa, maana vigae vya ukutani vimechorwa samaki na nyama zilizoning'inizwa, hivyo njaa inakuja hata kama hukuwa nayo.

Sasa, ya kuzingatia. Angalia kwanza kama jumba liko wazi siku unayotaka, kwani majengo ya umri huu hufungwa kwa ukarabati. Jipe saa mbili au tatu. Na ukienda Feira da Ladra, soko la vitu vikuukuu, utakuta vigae vya zamani vimepangwa chini. Viache. Nyumba nyingi za Lisbon zimebanduliwa kuta zake usiku na wezi, na huwezi kujua hicho unachoshika kimetoka wapi. Tangu mwaka 2007 upo mpango wa kupambana na wizi huo, SOS Azulejo, ulioanzishwa na makumbusho ya polisi wa upelelezi, na sheria ya mwaka 2017 inalinda kuta za nje zenye vigae zisibomolewe ovyo. Nunua vipya, vinavyochorwa kwa mkono hadi leo.

Sisi tulichukua vinne, vya pindo, na aliyechagua si mimi. Vibebe kwenye begi la mkononi, kimoja kimoja ndani ya soksi.